Niliuziwa gari, mlima haukuwemo kwenye bei

Hasira hizi nimekaa nazo muda mrefu, leo nazitema. Chapa ya gari siitaji, wala yadi niliyonunulia, maana sina hela ya kesi. Jueni tu ni kigari kidogo cha Kijapani, cc za injini hazifiki elfu moja, vile ambavyo ukisimama Mwenge hapa Dar dakika tano umeshachoka kuvihesabu.

Yadi nilikwenda na swali moja tu. Nikamwambia yule kijana, "Mdogo wangu, mimi kwetu Mafinga. Hiki mlima Kitonga kinapanda?" Akacheka, akalipiga boneti makofi mawili kama anayempongeza ng'ombe mnadani. "Dada, hiki kinapaa. Hata gia hutaisikia ikibadilika." La gia hakudanganya. Gia za kubadilisha hazimo. Ndani ya ile giaboksi kuna mkanda wa chuma unaopanda na kushuka kati ya puli mbili, basi. Hapa mjini ni raha tupu. Miezi ya mwanzo nilikuwa nakisifia kazini hadi watu wakanichoka.

Sasa siku ya siku. Ni mwaka juzi, au mwanzoni mwa mwaka jana, najua mvua zilikuwa zimeanza. Tunamrudisha shangazi baada ya harusi, tupo watano, nyuma kuna mchele na ndoo ya mafuta ya kula. Chalinze, Morogoro, Mikumi, kigari kinateleza tu. Ruaha Mbuyuni shangazi akaona vitunguu, akataka gunia. Nani atamkatalia shangazi? Tukalibana katikati ya miguu yao huko nyuma.

Kitonga wanaoijua wanaijua. Huku ukuta wa mlima, huku korongo, na mbele yako foleni ya semi za Tunduma zinapanda kwa mwendo wa jongoo. Nikaingia. Kilomita arobaini kwa saa. Ishirini na tano. Nikakanyaga mafuta mpaka mwisho, injini ikapiga kelele kama mashine ya kusaga, na gari ndiyo kwanza linazidi kupungua mwendo. Kumi na tano. Ikaja harufu ya kuungua, ikawaka taa ya njano, kisha kigari kikakataa kabisa, kwenye kona, semi ikiwa nyuma yangu.

Honi za siku ile bado nazisikia. Utingo wa semi akaruka na jiwe akalisukumia chini ya tairi, akavunja matawi akayatandaza barabarani. Shangazi akashuka, akajifunga khanga vizuri, akaniambia, "Mwanangu, hata punda tungemshusha mzigo kwanza."

Nikampigia kijana wa yadi. Nikamweleza yote. Akasikiliza, kisha akasema, tena kwa upole kabisa, "Dada, mimi nilikuuzia gari. Mlima sikukuuzia." Akakata simu.

Hilo neno ndilo limenifanya niandike. Mengine yote ningesamehe.

Tukasukumwa hadi mahali penye nafasi, na dereva wa semi naye akasimama kupoza matairi. Mzee mmoja mtaratibu, koti la kijani. Nilikuwa nalia. Badala ya kunibembeleza akaniita kwenye tairi lake la akiba, akanipa spana ya nati. "Fungua hiyo." Nikaining'inia kwa mikono miwili, haikutikisika. Akachukua kipande cha bomba, kama mita hivi, akakivika kwenye mpini wa spana. "Shika huku mwisho." Nikasukuma, nati ikalia "kwaa!" ikaachia. "Umeona? Nguvu ni zile zile zako, mkono ndio umerefuka. Hiyo ndiyo toki, nguvu ya kuzungusha, mwanangu. Huyo kijana alikuuzia farasi, zile nguvu za injini wanazozihesabu. Mlima unataka toki." Akaikaza tena nati yake mwenyewe, hakuniamini.

Nilipofika nyumbani nikasomasoma, nikaona mzee amerahisisha kidogo. Farasi wenyewe ni toki ukiizidisha kwa mizunguko ya injini. Kigari changu farasi kinao, ila wamefugwa huko juu, kwenye mizunguko elfu tano, elfu sita kwa dakika. Ukiwataka lazima ukipigishe kelele, na adhabu yote inabebwa na ule mkanda. Tulipokuwa pale kando ikapita mkonga, ile Land Cruiser ya mgongo mgumu, watu wamejaa na madumu juu, inanguruma taratibu kama mtu anayesimulia hadithi. Zile nyingi zina injini ya 1HZ: dizeli ya lita 4.2, silinda sita, haina hata tabo ya kuisukumia hewa. Farasi wake hawafiki 140, kuna visaluni vya mjini vinaipita. Lakini toki yake, nyutoni mita 285, inafika kileleni kwenye mizunguko 2200 tu, injini ikiwa bado haijatoa jasho. Ndiyo maana watu wa Nyanda za Juu wakienda kununua gari hawaulizi inakimbia kiasi gani. Wanauliza inavuta? Mimi nimezaliwa huko huko, nikaenda kuuliza kama mtu wa Mikocheni.

Na Mjapani simlaumu. Kwao kodi ya gari ya kila mwaka inapangwa kwa cc, na elfu moja ni mstari wa chini, kwa hiyo wahandisi wanakata injini ipite chini ya mstari. Hata Waingereza miaka ya 1920 walitoza kwa upana wa silinda, viwanda vikatengeneza silinda nyembamba zenye pistoni ya safari ndefu, magari yakawa ya kuvuta taratibu miaka na miaka. Sisi nasi tunakimbilia cc ndogo kwa ajili ya ushuru bandarini. Huyu aliyechora injini yangu alimfikiria mama wa Osaka anayepeleka mtoto shule. Gunia la vitunguu hakulifikiria.

Nilikuwa nimeshakata shauri: nakipa nyota moja kati ya tano, nakiuza. Kisha fundi mmoja wa Iringa akafungua giaboksi, akachovya kidole kwenye oili, akaisugua, akanusa. "Dada, hii oili nani aliweka?" Nikamwambia yadi walinifanyia sevisi ya bure kabla ya kunikabidhi. Akatikisa kichwa. Walimwaga oili ya otomatiki ya kawaida. Giaboksi ya mkanda ina oili yake, ukiweka nyingine mkanda unateleza, unachemka, na kompyuta ya gari inapunguza nguvu yenyewe ili isiungue. Sevisi ya bure!

Tukaosha, tukaweka inayotakiwa. Disemba iliyofuata nikakijaribu tena Kitonga, tupo wawili, begi moja. Kikapanda. Kilomita thelathini kwa saa, kelele zile zile, lakini taa haikuwaka. Juu pale nilisimama nikakipangusa vumbi kwa leso yangu, mjinga mimi.

Basi nyota nne? Nilishaandika nne, kisha nikakumbuka "mlima sikukuuzia" nikafuta. Tuseme gari nne, yadi hakuna. Na hizo nne ni za mtu asiye na mzigo.

Shangazi tangu siku ile anapanda basi. Vitunguu vyake pia.