Gari la Kulala Safarini: Lipi Linamfaa Mnunuzi wa Nairobi

Mtu akikuambia anataka gari la kulala safarini, muulize kwanza: Jumatatu litakuwa wapi? Wengi wetu hapa Nairobi tuna nafasi moja tu ya kuegesha kwenye ploti, na gari litakalotupeleka Naivasha Jumamosi ndilo hilo hilo litakalopeleka watoto shule. Swali la pili ni la fundi. Likikufia Laisamis, kuna mtu wa karibu anayelijua, na spea yake itapatikana Kirinyaga Road itumwe kwa basi la usiku? Nimepanga orodha hii kwa maswali hayo mawili, ndiyo maana magari makubwa yenye choo na jiko ndani yako chini kabisa.

1. Hema la paani, juu ya gari ulilonalo

Kama tayari una Prado, Hilux, Fortuner au Pajero, usinunue gari jingine. Nunua hema. Kwa familia changa ya Nairobi sioni chaguo linalolishinda hili: Jumatatu gari linarudi kazini kama kawaida, na ukichoka na kambi unauza hema peke yake.

Mahema haya yapo ya aina mbili. La turubai linalokunjwa ni pana na bei yake ni nafuu, lakini kulifungua na kulifunga kunachukua muda. La gamba gumu linainuka mara moja, ila ni ghali na mara nyingi ni jembamba zaidi. Kabla ya kuchagua rangi, fungua kitabu cha gari utafute uzito ambao paa linaruhusiwa kubeba gari likitembea. Mahema mengi yana kilo 50 hadi 80, na keria yenyewe ina uzito wake, ilhali magari mengi ya aina hii yanaruhusiwa kilo 100 au pungufu. Watu huogopa kwamba watu wazima wawili wakilala juu paa litabonyea. Gari likiwa limesimama, paa hubeba uzito mkubwa zaidi kuliko likiwa mwendoni. Hatari iko kwenye kona na kwenye mashimo.

Pima pia urefu. Prado pekee inakaribia mita 1.9. Ukiongeza keria na hema, maegesho mengi ya chini ya ardhi mjini yatakukatalia, kwa hiyo soma kile kizuizi cha juu kabla ya kuingiza pua ya gari.

Kasoro yake utaiona Maasai Mara alfajiri. Geti linafunguliwa saa kumi na mbili, majirani wako kambini wameshawasha injini, na wewe bado uko juu ya ngazi unakunja turubai lililolowa umande, kona moja ya kitambaa imekwama kwenye bawaba. Hema hili haliwezi kubaki kambini huku gari likienda kutafuta simba. Halafu kuna ngazi usiku. Kambi nyingi za KWS, shirika la wanyamapori, hazina ua, na mtoto wa miaka minne akitaka kukojoa saa tisa ya usiku, lazima wewe utangulie kushuka na tochi. Ukisafiri na mzazi mwenye magoti yanayouma, ruka uende chaguo la pili.

2. HiAce iliyogeuzwa chumba

Hili ndilo gari ninalolipenda kuliko yote, na lingekuwa la kwanza kama si suala la udongo nitakalolieleza. HiAce inajulikana na kila fundi kuanzia Vanga hadi Moyale. Nairobi pia ina mafundi waliokata paa za van za watalii na kuunda bodi za matatu kwa miaka mingi, kwa hiyo kitanda, kabati na dirisha la ziada si mambo mageni kwao.

Ile fupi yenye paa la kawaida ina urefu wa mita 4.7 hivi na kimo cha chini kidogo ya mita 2, kwa hiyo inaishi mjini bila shida. Yenye paa refu inafika karibu mita 2.3: utavaa suruali bila kujikunja sana, lakini maegesho ya chini ya ardhi yasahau. HiAce yenye bodi nyembamba haimtoshi mtu mzima kulala kwa upana. Kitanda kikae kwa urefu, na ulale mwenyewe pale ndani ujipime kabla fundi hajakata mbao.

Ukinunua iliyokuwa matatu, inua zulia. Shika bisibisi ugonge sakafu karibu na mlango wa kuteleza, kisha juu ya magurudumu ya nyuma. Bati zima linalia. Bati lililooza linameza ncha. Angalia pia matundu ya bolti za viti vilivyong'olewa, kwa sababu maji huingilia pale na kutu huanza chini kwa chini, mahali ambapo rangi mpya haifiki. Injini ya dizeli ya 1KD, lita 3.0, inapanda Kinungi vizuri ukirudi kutoka Naivasha, lakini nozeli zake ni ghali na zikipuuzwa zinaua pistoni. Mwambie muuzaji asiipashe moto kabla hujafika. Unataka kusikia inavyowaka ikiwa baridi. Ya petroli ya 1TR, lita 2.0, ni rahisi kutunza, ila inachoka mlimani na inakunywa mafuta.

Ndani, anza na joto na hewa. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na Julai bati tupu litakunyima usingizi, kwa hiyo weka povu kwenye kuta kabla ya mbao, na tundu la hewa juu ili pumzi zenu zisigeuke maji kwenye dari. Kwa umeme, betri ya lithiamu ya saa-ampea 100 inaweza kubeba friji ndogo ya volti 12, taa na simu kwa siku mbili hivi, na paneli ya wati 200 ikairudisha jua likiwepo. Kwa jiko, mtungi wa gesi wa kilo 6 unatosha. Uweke karibu na mlango, upike mlango ukiwa wazi. Nakuomba sana, usiingize jiko la makaa ndani ya gari ili kujipasha joto, hata kwa dakika chache. Hewa yake ya sumu haina harufu, na huua watu usingizini.

Sasa udongo. HiAce nyingi zinasukumwa na magurudumu ya nyuma tu na tumbo lao liko chini. Mvua ikinyesha kwenye udongo mweusi, utasubiri trekta. Zipo zenye magurudumu yote manne kutoka Japani. Ukiipata, ongeza bei ununue.

Kabla ya kung'oa viti, uliza NTSA, mamlaka ya usafiri, kuhusu ukaguzi na kubadilisha maelezo kwenye logbuku, kisha uijulishe kampuni ya bima kwa maandishi.

3. Land Cruiser ya mfululizo wa 70 (70 Series)

Kama safari zako ni za kaskazini, Chalbi, Loiyangalani na Sibiloi, hili halina mpinzani. Ile ndefu ya milango ya nyuma, yenye injini ya 1HZ ya lita 4.2, inatengenezeka popote penye spana. Ni ghali, springi zake ni ngumu, na kwa mtu wa Naivasha na Nanyuki ni pesa nyingi kwa kazi ndogo.

4. Trela

Linamfaa anayekwenda kukaa mahali pamoja wiki nzima, Diani kwa mfano. Linabaki kambini, gari likawa huru. Lakini lina nambari yake inayoanza na Z, logbuku yake na breki zake, na kuteremka Mai Mahiu nalo nyuma yako katikati ya malori kunataka mkono uliozoea.

5. Nyumba kamili ya magurudumu

Yale ya Marekani na mengi ya Ulaya yana usukani kushoto, na Kenya haisajili magari hayo kwa matumizi ya kawaida. KS 1515, kanuni ya ubora wa magari, inazuia pia kuingiza nchini gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane. Ya Uingereza yana usukani kulia, ila mengi yamejengwa juu ya Fiat Ducato, na spea zake utazitafuta sana hapa. Nyuma yananing'inia, yanagusa chini kwenye matuta, na kambi zetu nyingi hazina pa kumwaga tangi la choo. Ukilazimika, tafuta la Kijapani lililojengwa juu ya Toyota.

Jambo la mwisho, kuhusu magari ya wasafiri wa kigeni wanaovuka Afrika na kuuzia Nairobi. Hukutana sana kambi za Karen kama Jungle Junction, na magari yao huwa yamejaa kila kitu: friji, paneli, hema. Mengi yameingia kwa kibali cha muda cha forodha, ushuru haujalipwa. Omba uone kibali hicho, mwaka wa gari na upande wa usukani, kisha mpelekee wakala wa forodha akupigie hesabu ya ushuru wa KRA, mamlaka ya mapato, kabla hujatoa hata shilingi ya kushikilia.