Zulia la mimea kwenye tangi kubwa: kwa nini nimebaki na Marsilea

Tangi langu la samaki lina urefu wa sentimita 180, upana 60 na kina 60. Navitaja vipimo mapema kwa sababu sifa nyingi za mimea ya zulia, yaani mimea mifupi inayotandaa juu ya mchanga chini ya maji, zinatolewa na watu wenye vitangi vya lita 30, ambako taa iko jirani na mchanga na kidole kinafika kila kona. Kwenye kina cha sentimita 60 mwanga unaofika chini ni hafifu zaidi, na kupunguza majani maana yake ni kuzamisha mkono mpaka kwapani. Kwa hiyo kila mmea niliupima kwa mambo mawili: unavumilia vipi mwanga wa wastani, na unadai mkasi mara ngapi.

Hemianthus callitrichoides, ambayo wengi wetu tunaiita Cuba tu, ndiyo inayopendeza kuliko yote. Sibishi. Majani yake ni kama punje za mtama zilizomwagwa juu ya mchanga. Lakini inataka taa kali, gesi ya kaboni isiyoyumba, na samaki wasiochokonoa. Mizizi yake ni mifupi, na kundi la Corydoras, samaki wadogo wanaochokonoa mchanga, likipita linatafuta chakula, asubuhi unakuta vipande vinaelea juu. Kama una Corydoras, usiinunue.

Monte Carlo, mmea mwingine wa zulia, ni mpole zaidi na inafunika haraka. Shida yake huja baada ya kufanikiwa. Inapanda juu ya mashina yake yenyewe, tabaka la chini linakosa mwanga, linaoza, halafu siku moja zulia zima linanyanyuka. Dawa ni kuikata ikiwa bado fupi, tena mara kwa mara. Kwenye kitangi hiyo ni kazi ya dakika chache. Kwenye tangi la sentimita 180 unamaliza upande mmoja huku upande wa pili ukikudai, na vipande vilivyokatwa vinakwenda kuziba mdomo wa filta.

Eleocharis, ile nyasi nyembamba, inajitahidi. Inatambaa chini ya mchanga, kwa hiyo haing'oki ovyo. Ila inanasa uchafu, na mwani wa nyuzi ukishaingia katikati yake huwezi kuutoa bila kung'oa nyasi yenyewe. Ukichukua hii, chukua aina fupi inayouzwa kwa jina la mini; acicularis ya kawaida inarefuka ikakuzibia mandhari ya nyuma.

Sasa Marsilea hirsuta. Hii ni jamii ya kangaga, si nyasi wala si mmea wa maua, na ukiinunua kwenye kikopo cha sufu (nyuzi laini za kushikia mizizi) inakuja na majani yenye vijani vinne kama klova, kwa kuwa imekuzwa nje ya maji. Majani hayo yatakufa. Usikimbilie kudai pesa zako. Tazama chini kwenye kikonyo: utaona nukta ya kijani ikifunguka kuwa jani moja la mviringo, dogo, lenye kijiti kifupi. Hilo ndilo jani la majini. Muuzaji wangu hakulisema hili hata kidogo, na picha aliyoiweka ilikuwa ya yale yenye vijani vinne.

Namna ya kupanda ndiyo inayoamua matokeo. Toa sufu yote, nyoosha shina linalotambaa, likate vipande vyenye vifundo vitatu au vinne, kisha kwa kibano kizamishe kila kipande kwa mshazari, majani tu yabaki nje. Niliacha nafasi ya sentimita 5 kati ya kipande na kipande. Piga hesabu kabla ya kuagiza: eneo la mbele la sentimita 180 kwa 30 kwa nafasi hiyo linameza vipande 216. Ukinunua vikopo viwili vitatu kwa matumaini, utaishia kuwa na visiwa. Vidonge vya mbolea niliviweka chini ya mizizi, maana mmea huu unakula zaidi kutoka ardhini.

Kuhusu miche ya tishu, ile iliyokuzwa maabara na kuuzwa kwenye vikombe vilivyofungwa: kwa Cuba na Monte Carlo ninaipendekeza, haina konokono wala mwani, na unapata vipande vingi. Suuza tu ule utelezi wote wa jeli inamokuzwa. Kwa Marsilea nachagua kikopo cha sufu, kwa sababu mashina yake yameshakomaa na yanashika mchanga mapema.

Ilipokaa sawa, imekuwa zulia la sentimita chache kwenda juu, inafika hata kwenye kivuli cha gogo, na Corydoras wanapita juu yake bila kuitikisa. Mkasi naushika kwa nadra sana, zaidi kwa kuzuia isivamie mimea ya katikati. Gesi inaiharakisha, lakini hata bila gesi inaishi.

Naipa nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya mwanzo wake: wiki na wiki mchanga uko mtupu na mwani unaona nafasi. Nilijaza Hygrophila na Limnophila, mimea ya mashina inayokua haraka, kwa wingi upande wa nyuma ili zinyonye mbolea ya ziada, na taa nikaiacha iwake kwa muda wa saa 6 tu kwa siku mpaka zulia lilipoanza kufunga.