Mzani "smati" wa mafuta ya mwili: kwa kilo sawa, kwa vijana wanaobalehe mh-mh

Nianze na nyota kabisa ili mwenye haraka asimalize bando lake hapa. Kama mzani wa kupima kilo naupa nne kati ya tano. Kama kipimo cha mafuta kwa mtoto wa miaka 13 au 15 naupa moja, na hiyo moja ni ya kioo chake, kizuri na hakitelezi ukitoka kuoga.

Jina la kampuni sitaji. Na hata ningelitaja lisingekusaidia sana maana ukizunguka Kariakoo utakuta mizani hiihii ya kioo cheusi yenye vibati vinne vya kukanyagia, boksi tofauti, jina tofauti, na aplikesheni ya ndani ni ileile imebadilishwa rangi tu. Wa kwetu baba watoto alinunua elfu hamsini na tano baada ya kubishana bei. Unaunganisha na simu kwa Bluetooth, unaandika jinsia, urefu na tarehe ya kuzaliwa, unapanda peku, sekunde chache tu zinakuja namba kibao: uzito, mafuta, maji, misuli, mifupa, mpaka "umri wa mwili". Upande wa kilo sina ugomvi nao. Tumeuwekea mfuko wa unga wa kilo kumi ukasoma kumi na nukta kidogo, tumeulinganisha na mzani wa zahanati ya hapa mtaani tofauti haikuwa ya kusumbua mtu.

Shida inaanza kwenye mafuta.

Kwanza mjue unafanyaje kazi, maana muuzaji atakwambia "unascan mwili" na hauscan kitu. Vile vibati vinapitisha umeme kidogo sana usiousikia, unaingia mguu huu unatokea mguu ule. Misuli imejaa maji yenye chumvi kwa hiyo umeme unapita kirahisi, mafuta yana maji kidogo kwa hiyo unapita kwa tabu, mzani unapima ile tabu, basi, hapo ndo mwisho wa kupima. Kilichobaki chote ni hesabu ya kukisia inayochanganya ile tabu na urefu, uzito, umri na jinsia uliyoandika, na hesabu zenyewe mizani mingi ya hivi imezitoa kwa watu wazima. Sasa mwili wa mtoto sio mtu mzima mdogo, ukitoa mafuta pembeni huo mwili uliobaki una maji mengi kidogo kuliko wa mtu mzima ambaye anakaa kwenye 73% hivi, na inashuka taratibu anavyokua, hivyo hesabu ya baba yake ikipakwa kwa mtoto inapotea njia. Halafu umeme wenyewe unapita zaidi miguuni, tumboni ambako ndo tunakoogopa mafuta unagusa juujuu tu.

Tumeuchezea sana huu mzani, nakiri watoto ndo walionogewa. Binti akipima asubuhi akitoka kitandani unasoma 31%, jioni akirudi shule 27%. Hajafanya lolote, amekaa darasani. "Mama mi nimepungua kwa hesabu za Pythagoras." Sababu yake ni ya kawaida tu, ukisimama na kukaa mchana kutwa maji yanashuka miguuni, umeme unapita vizuri, mzani unadhani mafuta yamepungua. Miguu ikiwa mikavu sana namba inapanda, ukilowesha nyayo inashuka. Halafu kuna kitufe kwenye aplikesheni kinaitwa modi ya mwanamichezo, ukikiwasha mtu yuleyule dakika ileile anapoteza mafuta asilimia kadhaa bila kukimbia hata kufika dukani kwa Mangi. Na kile kijitabu cha maelezo kwa herufi za kuonea na darubini kimeandika namba za mafuta ni za kuanzia miaka 18, ila aplikesheni inapokea tarehe ya kuzaliwa ya mtoto bila kuuliza na inamletea rangi nyekundu na neno "juu sana". Hapo ndo nilipochukia. Kama mnajua haipimi watoto si mfunge tu?

Sasa sikilizeni kichekesho cha nyumba yetu, na hiki ndo kilichonifanya niandike yote haya. Binti ana miaka 13, anacheza netiboli shuleni, nyumbani ni rede na kuruka kamba mpaka majirani wanalalamika. Kaka yake ana 15, michezo yake yote ni ya vidole, mpira anaupiga kwenye PlayStation, likizo akitembea sana ametoka kochini kwenda kwenye friji. Mzani unamuweka dada nyekundu na kaka kijani! Tena ukiangalia grafu, ya dada inapanda kidogo kidogo na ya kaka inashuka, yaani kwa mujibu wa huu mzani anayecheza ananenepa na anayelala anakuwa mwanariadha.

Ni kubalehe jamani. Msichana akianza kukua mwili unaweka mafuta, mapajani, kwenye nyonga, kifuani, ndivyo ulivyoumbwa na unayahitaji. Mvulana homoni zinamjazia misuli na mifupa na anarefuka haraka, kwa hiyo hata kama mafuta yake hayajaondoka sehemu yake kwenye mwili mzima inapungua. Wasichana wengi wanaanza kuchipuka mapema, miaka 11 au 12 hivi ndo wanarefuka kwa kasi zaidi, wavulana kama 13 au 14. Kwa hiyo ukipima mafuta ya kijana bila kujua amefikia wapi kwenye kubalehe hujapima bidii yake ya mazoezi, umepima saa ya mwili wake. Huyo kaka mtu kijani chake hakijatokana na jasho, na siku homoni zikishamaliza kazi yao kochi litamdai.

Na ile BMI inayotolewa pembeni, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, ni balaa lingine. Aplikesheni inatumia mistari ya watu wazima, chini ya 18.5 mwembamba, juu ya 25 mnene. Kijana ana 17.6 ikamwambia ana upungufu wa uzito, "ongeza protini", na kweli akaanza kunidai mayai matatu kila asubuhi kwa ushahidi wa simu! Wakati chati ya WHO ya mwaka 2007 ya miaka 5 mpaka 19 inamhesabu mvulana wa miaka 15 kuwa mwembamba akishuka chini ya 16 hivi. Kwa wasichana wa miaka 13 katikati kabisa ya chati ni 18.8, maana yake ukitumia ile 18.5 ya wakubwa karibu nusu ya wasichana wazima wa umri huo utawaita wamekonda. Chati ipo bure, klinik wanayo, sijui hawa watengenezaji ilikuwaje wakaikwepa.

Kingine kisichonipendeza ni mahubiri. Kila ukipima inakuja meseji kwamba mafuta yako yamezidi kwa sababu hujishughulishi, choma kalori mia tatu leo. Kwa mtoto wa miaka 13! Uhusiano wa mafuta na mazoezi kwa vijana upo, sikatai. Kule Bristol Uingereza waliwafuata watoto waliozaliwa miaka ya mwanzo ya 90, wakawafunga vifaa vya kupima mwendo walipokuwa na miaka 12, wakaja kuwapima mafuta kwa mashine ya mionzi ya DXA walipofika 14, na kila dakika 15 za ziada za mazoezi ya kuhema kweli kwa siku ziliendana na mafuta pungufu kwa kama 10% kwa wasichana na 12% kwa wavulana. Sio kidogo. Ila hukohuko Uingereza, Plymouth, walifuata watoto wa miaka 7 mpaka 10 wakakuta mambo yamekaa kinyume, unene ndo ulitangulia na kutojishughulisha kukafuata nyuma.

Na mimi hiyo ya pili naielewa bila utafiti. Mtoto bonge kwenye chandimu anawekwa golini au anachaguliwa wa mwisho, siku ya michezo sketi inambana, wenzake wanamcheka akikimbia, unadhani kesho atatoka? Anakaa ndani. Halafu mama anamletea mzani unaomwambia nyekundu kila asubuhi, huo sio msaada, ni kumsukumia ndani zaidi. Wangu yeye anacheka kwa sababu ni mtu wa masihara, ila shoga yake aliyekuja wikiendi akaomba apime alishuka kimya na chakula cha mchana akasema ameshiba. Tangu hapo simu yangu haiunganishwi tena na huo mzani wageni wakiwepo.

Kipimo cha mazoezi kwa umri wao kinajulikana na hakihitaji kibati. WHO wanasema miaka 5 mpaka 17 wastani wa dakika 60 za mazoezi ya kuhema kwa siku, na angalau siku tatu kwa wiki ziwe na purukushani za kukaza misuli na mifupa, kuruka kamba kunaingia humo. Takwimu zao za 2016 zilionyesha vijana 81% duniani wa miaka 11 mpaka 17 hawafikishi, wasichana 85 wavulana 78. Hapa Dar sishangai, basi la shule linawabeba mlangoni kabla jua halijatoka, wakirudi ni tuisheni, uwanja waliokuwa wanachezea kaka zao umejengwa fremu za maduka. Na hizo dakika 60 zina faida hata kama mafuta hayasogei, mifupa inakomaa, moyo na pumzi vinaimarika, usingizi unakuja. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloonekana kwenye hiyo aplikesheni, ile ya mifupa ndo kabisa nayo ni ya kukisia.

Kama una wasiwasi na tumbo la kijana wako chukua futi ya fundi cherehani, ya buku tu, pima kiuno, kisiwe kimezidi nusu ya urefu wake. Waingereza kwenye muongozo wa 2022 wa NICE, taasisi yao inayotoa miongozo ya afya, wanakitumia hicho kuanzia miaka 5. Ukiona kimezidi mpeleke akaonwe na mtaalamu, usianze kumnyima wali.

Nani anunue sasa? Mtu mzima anayejifuatilia mwenyewe, apime saa ileile, hali ileile, aangalie mwelekeo wa miezi na asihangaike na namba ya leo, huyo atafaidi. Baba watoto kitambi chake kinafuatiliwa humo na kweli kinashuka, sitasema kwa kasi gani maana anasoma haya. Mwenye kifaa cha moyo kilichopandikizwa kifuani asipande kabisa, na mjamzito pia wanashauri asitumie. Aplikesheni inataka picha, namba ya simu na mahali ulipo, vyote vya nini sijui, nimevinyima na bado inafanya kazi. Betri tatu ndogo za rimoti hazimo kwenye boksi.

Na kwa mliokwisha kununua na mna vijana ndani kama mimi: futeni majina yao kwenye aplikesheni halafu waambieni wapande na soksi. Umeme haupiti, mzani unahangaika kidogo kisha unatoa kilo peke yake.