ELM327 na gari linalozimika njiani: kinunue kwa kurekodi, si kwa misimbo

Gari linalozimika likiwa kwenye mwendo husumbua kwa sababu moja kubwa: likifika gereji linawaka kama halijawahi kuumwa. Ndiyo maana watu hukimbilia ELM327, kile kidude cha ukubwa wa kiberiti kinachochomekwa kwenye soketi ya OBD2 (ya kusomea kompyuta ya gari) chini ya usukani na kuongea na simu. Wanasoma misimbo ya hitilafu, hawakuti kitu, wanakitupa droo. Hapo wanakosea. Pampu ya mafuta inayokatakata haiachi msimbo wowote kwenye magari mengi. Kidude hiki kinalipa pale kinaporekodi sekunde chache kabla injini haijanyamaza.

Kwenye kununua, jihadhari na maandishi ya kwenye boksi. ELM Electronics ya Kanada, walioibuni chipu yenyewe, walitoka toleo la 1.4b wakaenda 2.0. Kwa hiyo kila kilichoandikwa “v1.5” ni nakala. Cha kuchekesha, nakala za v1.5 mara nyingi hufanya kazi vizuri kuliko nakala zilizoandikwa v2.1, ambazo hukosa amri kadhaa na kukatika ovyo. Mwenye iPhone asichukue cha Bluetooth ya kawaida, hakitaunganika. Achukue cha Wi-Fi au Bluetooth LE. Angalia pia umri wa gari: Marekani OBD2 ni lazima tangu magari ya 1996, Ulaya tangu 2001 kwa petroli. Gari lililotengenezewa soko la ndani la Japani linaweza kuwa na soketi ile ile ya pini 16 na bado likagoma kuongea na kidude, kwa hiyo jaribu kabla ya kulipa.

Programu kama Torque au Car Scanner zinatosha. Chagua vipimo vitano tu: RPM (mizunguko ya injini kwa dakika), volti, joto la maji, STFT na LTFT. Hizo mbili za mwisho ni asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza, kwa muda mfupi na kwa muda mrefu. Tamaa ya kuweka ishirini huharibu kazi, maana magari ya zamani hutuma data polepole na kila kipimo unachoongeza kinachelewesha vingine. Ukisoma mara moja kila sekunde tatu, tukio lenyewe linapita katikati. Anza kurekodi, mpe abiria simu, endesha mpaka gari lizime. Dereva ana kazi yake: injini ikizima usukani unakuwa mzito, na breki inabaki laini kwa kukanyaga mara mbili tatu tu.

Sasa soma rekodi, hapa ndipo utamu ulipo. Chukua gari la gia za mkono, gia imeingia, klachi haijakanyagwa. Magurudumu bado yanaizungusha injini, lakini RPM kwenye rekodi imeanguka ghafla hadi 0. Injini inazunguka na kompyuta haioni: shuku sensa ya krenki (inayoipa kompyuta mzunguko wa injini) au waya wake, hasa kama joto la maji lilikuwa juu na gari linakubali kuwaka tena baada ya nusu saa ya kupoa. Msimbo P0335, wa sensa hiyo, ukiwepo, vizuri. Usipokuwepo, usiiachie huru sensa hiyo. Kabla ya kununua nyingine, chomoa plagi ya waya wake, tazama kutu na mafuta ya injini, irudishe, kisha tikisa waya injini ikiwa inaunguruma. Ikizima mkononi mwako, tatizo liko kwenye waya au plagi.

RPM ikishuka taratibu, injini ikijikongoja kabla ya kufa, fikiria mafuta au hewa. LTFT inayopanda kupita asilimia +10 gari likipanda mlima ni dalili ya njaa ya mafuta: filta imeziba au pampu imechoka. Kwenye gari lenye sensa ya kupima hewa inayoingia, LTFT ikiwa juu injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta, halafu ikashuka ukishikilia RPM 2,500, tafuta mpira wa hewa uliopasuka. Gari linalozima kila ukikaribia kusimama, na vipimo vyote viko sawa, anza na kusafisha throtoli, mlango wa hewa ya injini.

Kuna dalili moja ambayo wachache huitumia. Pini ya 16 ya soketi ya OBD2 inapata umeme wa betri moja kwa moja, hata swichi ikizimwa. Injini ikizima na taa ya kidude ikabaki inawaka, lakini programu ikasema imepoteza mawasiliano na gari, basi huenda kompyuta ya injini yenyewe imekosa umeme. Kagua relei kuu, fyuzi yake, waya wa eathi na swichi ya ufunguo. Volti nazo zitazame: injini ikiwaka, kwenye magari mengi zinatakiwa kucheza kati ya 13.5 na 14.7. Zikishuka chini ya 13 na kuendelea kushuka, shuku altaneta au nyaya zake.

Udhaifu wake mkubwa ni shinikizo la mafuta. Magari mengi ya petroli ya nozeli za kawaida hayana sensa ya kulipima, kwa hiyo kidude hakina cha kuonyesha. Hapo inahitajika geji halisi, na kwa magari hayo usomaji mwingi huwa kati ya bar 2.5 na 4. Kitabu cha gari ndicho kinatoa kiasi kamili.

Kitufe cha kufuta misimbo kiogope. Kinafuta pia picha ya vipimo iliyohifadhiwa hitilafu ilipotokea, na kwenye magari mengi LTFT inarudi 0, yaani unafuta ushahidi wote. Ukimaliza, kichomoe: gari likikaa siku nyingi bila kuwashwa, kidude hicho kinanyonya betri polepole.