Miezi minane na wazee wa skwoshi Nairobi: uzoefu wangu

Nilistaafu ualimu mwaka jana nikiwa na goti moja zima na jingine la kubembeleza. Binti yangu ndiye aliyenitafutia kundi hili la wazee, kwenye klabu moja kongwe hapa Nairobi, maana alichoka kunikuta nimekaa sebuleni nikisahihisha magazeti kwa kalamu nyekundu. Skwoshi, mchezo wa raketi wa kupiga mpira mdogo ukutani, niliicheza chuoni miaka ya themanini, kisha watoto, kisha chaki, basi.

Siku ya kwanza nilifika nikiwa na wasiwasi kwamba miaka 60 ni mingi. Mzee mmoja wa miaka 78, raketi kwapani, alinitazama akasema, "Karibu, kijana." Kumbe kwenye mashindano ya wakongwe duniani mtu huanza kuhesabiwa mkongwe akiwa na miaka 35, kisha makundi hupanda kwa miaka mitano mitano hadi themanini na zaidi. Tangu siku hiyo jina langu pale ni Mwalimu, na cha ajabu, wote hunisikiliza isipokuwa ninapodai mpira wangu haukugusa bati, ule ukanda wa chini ya ukuta wa mbele ambao mpira ukiugusa umepoteza.

Nitaanza na mpira, kwa sababu ndio uliofanya nibaki. Ule wa nukta mbili za njano, unaochezwa na mabingwa, hauruki mpaka upate moto. Kijana huupiga kwa nguvu dakika chache ukaamka. Mimi nikiupiga unalala pale pale kama kiazi, nami natakiwa nikimbilie mbele na kuinama hadi sakafuni, na huko kuinama ndiko kunakomaliza viuno. Asubuhi za Julai, kwa ile baridi yetu, ni afadhali ucheze na jiwe. Wazee wana kikapu chao: nukta moja ya njano, nyekundu na buluu, kila moja ikiruka zaidi ya iliyotangulia. Waliopita sabini huchukua buluu na hakuna anayewacheka. Tena Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600, hewa ni nyepesi, hivyo mpira unakwenda kasi kuliko Mombasa. (Kifua nacho. Usijivune wiki ya kwanza.)

Jambo la pili ni ubao. Uko ukutani ukipanda ngazi, wa mbao nyeusi, majina ya mabingwa yameandikwa kwa rangi ya dhahabu. Ukianza kusoma juu ni majina ya Kizungu matupu. Ukishuka, yanaingia ya Kihindi na ya Kigoa. Ukishuka zaidi ndipo unapoona ya kwetu. Nimefundisha historia miaka thelathini na sijawahi kuwa na kitabu kilichoeleza ukoloni kwa ufupi namna ile. Mzee wa miaka 78 jina lake liko chini kabisa, karibu na mguu wa ubao. Aliingia klabu hiyo mara ya kwanza akiwa mtoto, kwa mlango wa jikoni, kuokota mipira ya tenisi.

Ndiyo maana hachoki kumtaja Hashim Khan, bingwa wa skwoshi wa Pakistan. Tukikaa kunywa chai baada ya mchezo, hadithi ni hiyo. Baba yake Hashim alikuwa mhudumu katika klabu ya maofisa wa Kiingereza huko Peshawar, Pakistan ya leo, na mtoto aliokota mipira iliyoruka nje ya viwanja visivyo na paa. Mwaka 1951, akiwa anakaribia miaka arobaini, umri ambao wengine wanatundika raketi, alikwenda Uingereza akashinda British Open, mashindano makubwa ya skwoshi. Akaitwaa mara saba kwa jumla, ya mwisho mwaka 1958. Alifariki Marekani mwaka 2014, akikadiriwa kuwa na miaka mia, na uzeeni bado alikuwa akiingia uwanjani. "Umesikia, Mwalimu? Arobaini!" Nimesikia, mzee wangu. Kila Jumanne.

Mchezo wenyewe tunaambiwa ulizaliwa katika shule ya Harrow, Uingereza, miaka ya 1830, wanafunzi walipopenda mpira uliotoboka. Wanafunzi watundu, kama kawaida.

Tunahesabu kwa mtindo wa zamani: hadi tisa, na pointi hupata anayeanzisha peke yake. Dunia iliuacha mwaka 2009, sasa anayeshinda mkwaju hupata pointi hata kama hakuanzisha, na seti inakwisha kumi na moja. Nilidhani ni ukaidi tu wa wazee. Lakini kwa mtindo huu unaweza kuwa nyuma 8–2 na bado ukapumua, kwa kuwa mwenzako lazima ashike zamu ya kuanzisha ndipo akumalize. Ubaya wake ni kwamba seti moja inaweza kuburuta nusu saa bila namba kusogea. Mimi goti langu linataka kumi na moja. Moyo unataka tisa.

Sasa malalamiko. Msimu wa mvua uwanja wa pili unavuja, sakafu inateleza, na mhudumu anaweka ndoo kana kwamba ndoo ni ukarabati. Nilianguka Aprili, nikakaa wiki tatu bila kucheza, na ofisi ikaniambia nisome masharti. Vyumba vya wanawake vina bafu moja lenye maji moto; vya wanaume vina manne. Hiyo nayo ni historia, nadhani. Na daftari la kuweka zamu ni la karatasi, kwa hiyo mwenye kalamu ndiye mwenye uwanja.

Hata hivyo nimelipa mwaka wa pili. Daktari alinipima moyo na presha kabla sijaanza, na kundi linataka kila mmoja apimwe. Hapo nawapa alama zote. Miwani ya kukinga macho pia ni lazima, kwa kuwa mpira ule una kipenyo cha milimita 40 na unaingia vizuri mno kwenye tundu la jicho. Wanayo ya kuazima, imekwaruzika, nunua yako.

Ukija, njoo Jumanne saa kumi na moja jioni, vaa viatu vyenye soli isiyoacha alama sakafuni, na uombe uwanja wa kwanza.