Mshauri wa Google kwa gesti za Bagamoyo: anaanza kwa kukukabidhi funguo

Huduma hii inawalenga wenye gesti na hoteli ndogo za Bagamoyo, kuanzia Mji Mkongwe hadi njia ya Kaole, wanaotaka kuonekana mtu anapotafuta malazi Google. Kinachoitofautisha ni siku ya kwanza: mshauri hagusi kitu mpaka mwenye gesti ashike funguo zake mwenyewe, yaani akaunti na jina la tovuti.

Wasifu wa biashara kwenye Google, ule unaoonyesha gesti kwenye ramani pamoja na maoni ya wageni, unafunguliwa kwa barua pepe ya mwenye mali, naye ndiye mmiliki mkuu. Mshauri anaingizwa kama meneja tu. Search Console, chombo cha Google kinachoonyesha watu walitafuta nini na wangapi waliibofya tovuti, ni hivyohivyo, na jina la tovuti la .co.tz linasajiliwa kwa biashara, si kwa fundi. Ikiwa kinyume, siku mkikorofishana gesti inabaki bila tovuti, na maoni ya wageni yamekaa kwenye akaunti ya mtu mwingine.

Haahidi nafasi ya kwanza, na hapo yuko sahihi: Google wenyewe wanasema hakuna awezaye kuihakikisha, na kwamba matunda huchukua miezi minne hadi mwaka. Kununua nyota tano anakataa katakata.

Ripoti yake ya mwezi ni ukurasa mmoja, nayo ndiyo inayostahili pesa. Waliotafuta jina la gesti anawaweka kando na waliotafuta “gesti Bagamoyo”. Aliyeandika jina alishalijua; hakuletwa na mshauri. Ukiwachanganya, hata mgeni wa kila mwaka anahesabiwa kama ushindi. Analinganisha pia Novemba na Novemba iliyopita, si na Oktoba, kwa kuwa Search Console hutunza takwimu za miezi 16 na msimu wa wageni hupanda na kushuka wenyewe. Wastani wa nafasi ukizorota anaeleza sababu: ukurasa ukianza kuonekana kwa maneno mapya huanzia mbali, nafasi ya 40 au 50, ukauvuta wastani chini ilhali waliobofya wameongezeka. Mteja asiyeambiwa hilo atadhani anaibiwa.

Kasoro zipo. Picha za skrini kwenye ripoti zimebaki na Kiingereza chake, bila neno la maelezo. Pini ya ramani aliibandika akiwa mezani. Kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe mita 20 tu zinatosha kumfikisha bodaboda ukuta wa nyuma, asipojua mlango uko wapi. Pini hupangwa ukiwa umesimama getini, simu mkononi.

Na kuna pengo ambalo ripoti haizibi: Search Console inaishia pale mtu anapobofya. Aliyepiga simu au kuandika WhatsApp haimwoni. Mshauri anapendekeza safu moja zaidi kwenye daftari la mapokezi, “umetuonea wapi?”, ijazwe mgeni anapoandika jina. Bila safu hiyo, vyumba vilivyolipiwa havijulikani vimetoka wapi, na ada ya mwezi inabaki ya kubishania.