Maji ya bahari au maji taka: jangwani uanze na kipi?
Watu wakisikia jangwa halina maji wanakimbilia bahari, na kweli Saudia na Imarati wangefanyaje bila mitambo ya kutoa chumvi. Bahari haiishi, mvua inyeshe isinyeshe we unavuta tu. Shida ni umeme bana, kusukuma maji kwenye zile chujio kwa presha kubwa kunakula kama kilowati-saa 3 hadi 4 kwa kila lita 1,000, halafu bado yanabaki maji ya chumvi kali, ukiyarudisha baharini vibaya viumbe vya pale vinaumia. Na mji ukiwa mbali na pwani tena juu mlimani ndo usiseme, pampu tu zitakumaliza.

Maji taka yako hapohapo mjini, chumvi yake kidogo so umeme unapungua. Windhoek, Namibia, wanakunywa maji ya hivyo yakishasafishwa tangu 1968! Israeli nao karibu 90% wanayatumia tena, mengi shambani. Kinyaa ndo kikwazo (kipo kichwani tu hicho). Ila huwezi kusafisha maji ambayo hayajatumika, mabomba ya mji yakikauka na maji taka hakuna. Mi ningeanza na haya, bahari ijazie pengo.